Mtani Asiyejibu Tusi

Jumamosi, 6 Oktoba

Leo samaki wa dada yangu Mereseini wametupwa tena. Mabeseni yote. Mereseini na wenzake walivua vizuri, meli ikachelewa, barafu ikawa maji, maji yakawa uvundo. Nguruwe wamekula changu wanene kama watoto wa darasa la kwanza. Nguruwe wa kijiji hiki watakufa kwa shibe.

Jioni tulikaa kwa mwenyekiti, tunakunywa kava, mizizi iliyosagwa na maji. Kila mwanamume anaangalia bakuli. Umeme umeletwa tangu mwezi wa nne, nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu, na hatuna cha kuchomeka ila balbu na simu. Mtu lazima aseme neno. Nikasema mimi. Friza nitaileta. Meli ijayo ikirudi, imo ndani.

Wakacheka. Mwalimu wa shule akasema, mjomba Sakeasi ataleta friza kama alivyoleta yule papa. (Yule papa nilimshika mkia kwa mikono hii, mwaka wa kimbunga kikubwa. Alikuwa mrefu kama kanisa. Siku hizi nasema nusu ya kanisa, maana watu hawaamini kitu tena.) Nikawaambia: Inoke Daulako wa Suva, mji mkuu, ana friza tatu nyumbani kwake. Na Inoke ni nani? Ni mtani wangu. Kilicho chake changu, kilicho changu chake. Hilo hakuna wa kulipinga.

Sisi wa Naivuloa na wao wa Drakiti, kijiji cha kina Inoke, ni watani tangu enzi za mizimu. Sisi tunawaita wana wa kaa, kwa sababu babu yao alikimbia vita akajificha shimoni na kaa. Wao wanatuita wala panya. Sababu ya jina hilo siiandiki.

Inoke mwenyewe aliwahi kuja kwangu, enzi hizo hana hata kandambili. Akaingia bila hodi. Akasema, "Wala panya hawajui injini, hii itaozea humu," akabeba injini ya mashua yangu. Mpya. Bado ina nailoni. Akaipeleka mpaka ufukweni begani huku ananitukana njia nzima, na mimi namfuata nyuma nacheka mpaka machozi. Ndivyo inavyotakiwa. Mtani akichukua, unacheka. Ukinuna, bora uhame kijiji. Nilipiga kasia mwaka mzima, mabega yakawa haya mnayoyaona. Yaani ninayoyaona mimi.

Sasa zamu yangu.

Mereseini hakuwepo kwenye kava. Habari zilipomfikia alinitumia magimbi ya safari. Hakusema neno. Kwetu kaka na dada hawaropokeani ovyo. Lakini yale magimbi yalifungwa kwa majani mawili mawili na kamba mpya, kama ya mtu anayekwenda kuleta kitu.


Jumatatu, 8 Oktoba

Suva. Meli ilitapisha watu wote isipokuwa mimi na nahodha. Nahodha sina uhakika.

Inoke anakaa juu mlimani, Tamavua. Dereva wa teksi aliniuliza mara mbili kama anwani ni sahihi. Nikamwambia, nyumba hiyo nusu yake ni yangu. Akaniangalia kwenye kioo, miguu yangu na kifurushi changu cha kava, akaongeza sauti ya redio.

Ukuta. Geti la chuma refu kuliko mnazi mchanga. Hakuna mahali pa kugonga. Nikavuta pumzi nikafanya kama inavyopasa: "Inoke! Mwana wa kaa! Toka shimoni, mwenye mali amekuja kuchukua mali yake!"

Dirisha la jirani likafunguka. Akatoka mlinzi, amevaa sare, ameshika rungu. Akanitazama. Kidevu kikaanza kumtetemeka kwa kicheko anachokizuia, nikajua huyu ni mtu wa Drakiti. Akanong'ona, "Mla panya, punguza sauti, utanifukuzisha kazi." Anaitwa Epeli. Kwa kweli nilitaka kumkumbatia.

Kisanduku ukutani kikauliza, ni nani huko? Epeli akakijibu, mgeni wa bosi, mama.

Inoke akaja mwenyewe. Amekonda. Nilidhani tajiri hunenepa. Huyu kila asubuhi anakimbia, na hakuna anayemkimbiza. Akanyoosha mkono. "Sakeasi. Karibu sana. Umesafiri salama?"

Nikangoja. Nikadhani anavuta pumzi tu, tusi linakuja. Ana miaka ishirini hajaniona, lazima liwe kubwa, litatikisa geti. Hakuna. Akauliza tena: "Familia hawajambo?"

Umesafiri salama. Familia hawajambo. Hayo ni maneno ya kumwambia mkwe, au mtu wa bima.

Nikampa kava yangu, mizizi ya miaka mitano, nimeichimba mwenyewe. Mkewe Kelera akaipokea kwa mikono miwili, vizuri tu, akainusa, akasema inapendeza. Kisha akaisimamisha ndani ya mtungi mrefu pale mlangoni, katikati ya maua makavu. Nikasema moyoni, ataitoa baadaye. Nikaangalia bakuli la kuinywea liko wapi. Liko ukutani. Limetundikwa kwa msumari, kama picha. Msumari umepita katikati.


Jumanne, 9 Oktoba

Nimelala kwenye nyumba ndogo ya wageni nyuma ya bwawa. Taulo sita. Sikujua nipanguse nini na sita.

Asubuhi chakula: majani mabichi na mbegu za ndege kwenye bakuli la maziwa machungu. Kelera anasema ni nzuri kwa utumbo. Ni mwanamke mpole, sina neno naye, ameishi Auckland tangu utotoni. Ananiita "mjomba" kwa sauti ya nesi. Nilikula magimbi yangu chumbani baadaye, ya jana, makavu.

Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikaona niwahi, nikalitafuta. Hakuna jembe nyumba hii. Majani yanakatwa na kimashine kinachotambaa peke yake, hakina mtu, kinagonga ukuta kinageuka. Nilikifuata kidogo. Nikiwa kijijini nitasema kina ukubwa wa ng'ombe.

Halafu friza. Ni tatu kweli. Niliziona mwenyewe kwenye stoo kando ya gereji. Ya kwanza nyama zao. Ya pili samaki — samaki wa kununua, wamekatwa vipande, hawana vichwa, huwezi kujua ni nani. Ya tatu, kubwa kuliko zote, nikamuuliza Kelera ina nini. Akasema, "Hiyo ya mbwa, mjomba."

Mbwa wawili. Wembamba, wana manyoya kama nywele za bibi harusi. Nyama yao imepimwa kwenye vimfuko, kila kimfuko kina siku yake. Wana matumbo dhaifu.

Nikaipima kwa mikono. Mabeseni yote ya Mereseini yanaingia na nafasi inabaki ya soda za mwenyekiti. Nikasema hii hapa. Ndiyo yangu.

Inoke aliporudi kazini nilimtega. Nikamwambia, "Mwana wa kaa, mbwa wako wanakula vizuri kuliko alivyokula baba yako." Tusi zuri, la kati, halina hatari. Mtu wa Drakiti angeniambia mbwa walau hawali panya, tungecheka, na papo hapo ningesema: basi friza ya mbwa naichukua. Lakini yeye akasema, "Ni mbwa wa Kelera. Daktari wao alitushauri hivyo." Akaenda kuoga.

Tusi lisilojibiwa ni kama mkono ulionyooshwa ukabaki hewani. Unaurudishaje? Unajikuna kichwa.


Jumatano, 10 Oktoba

Sikukuu ya taifa. Watu wengi, magari mpaka barabarani. Wanasheria, mwenye hoteli, mzungu wa Brisbane anayeitwa Grant, mshirika wa Inoke kwenye biashara ya meli za mizigo. Nguruwe alichomwa, lakini si kwa mawe ardhini. Kwenye sanduku la chuma lenye kioo. Alikuwa anaangaliwa kama televisheni.

Inoke akanishika bega akawaambia, "Huyu ni mzee kutoka visiwani, ana hadithi za ajabu." Mzee! Kanizidi miezi miwili. Lakini nikasimulia. Nikawapa papa, urefu wa kanisa zima, hawa hawamjui kwa hiyo sikumpunguza. Nikawapa siku nilipokula magimbi ya harusi nzima na bibi harusi akalia. Wakacheka sana. Grant alipiga magoti yake kwa viganja. Mama mmoja akanirekodi kwa simu.

Kisha Grant akamuuliza Inoke alianzaje biashara. Inoke akasema alianza na mikono yake miwili. Bahari na mikono miwili.

Nikasema, "Na injini yangu."

Wakageuka. Nikawaeleza. Alivyoingia, alivyoibeba, nailoni, nilivyocheka. Nikasema ile injini ndiyo ya kwanza ya meli zote hizi, mwulizeni. Sikuongeza hata chembe. Nilitaka acheke, aseme ndiyo, wala panya walikuwa wanaitumia kukunia nazi. Hapo tungekuwa sawa mbele ya watu wote.

Inoke akatabasamu. Akamwambia Grant, "Sakeasi anapenda kutia chumvi."

Wakacheka kama kwa papa. Ilikuwa kweli moja tu niliyosema siku nzima.

Nilikwenda getini nikakaa na Epeli. Akanipa mfupa wa nguruwe. Akasema, "Kula, panya wameisha." Nilikula.


Alhamisi, 11 Oktoba

Leo nimechukua shati lake. Lilikuwa limeanikwa, la buluu lenye maua meupe, zuri sana. Nikalivaa nikaenda nalo mezani asubuhi. Nikazunguka mara moja ili alione na mgongo.

Alinisogezea maziwa machungu.

Jioni hivyo hivyo. Nikalala nalo.


Ijumaa, 12 Oktoba

Kelera aliniletea mfuko. Mashati manne, suruali mbili, vyote vimepigwa pasi. Akasema, "Mjomba, kama unahitaji nguo usione haya. Sema tu." Macho yake yalikuwa na huruma ya kweli. Ningependa awe mwanamke mbaya, ingekuwa rahisi.

Nilikwenda nao getini. Epeli akaangalia ndani ya mfuko, akaangalia shati nililovaa, akaelewa. Hakucheka.

Nikamuuliza, bosi wako amerogwa? Akasema hapana. Akanieleza, akiangalia barabara isije gari ikatokea. Inoke alipoanza kupata, watu wa Naivuloa waliohamia mjini walikuja wote. Si mimi, wengine, na watu wa vijiji vyetu vyote vya watani. Mmoja kachukua televisheni. Mmoja kachukua gari dogo la kazi, na mzigo wa mteja ukiwa ndani. Kila mmoja akipiga kelele mwana wa kaa, na yeye anacheka, anacheka, mpaka siku moja hakuwa na cha kupakia kwenye meli. Tangu hapo hajibu. Ukimtukana, anakupa chai.

"Na wewe?" nikamwuliza. "Wewe wa kwao, wa kijiji chake. Mbona hata wewe unatania kwa kunong'ona?"

"Mimi ananilipa," Epeli akasema. "Nikizoea mdomo nitakula nini? Geti?"

Sasa namwelewa Inoke na bado sina raha. Watu walichukua. Sawa. Mimi nilichukua nini? Mimi ndiye niliyechukuliwa. Miaka ishirini sijaja hata kuchukua sindano. Zamu yangu imefika duka limefungwa.

Jioni simu. Mtoto wa dada yangu alipiga, kisha akampa Mereseini. Nilishtuka, hajawahi kuzungumza nami kwa simu. Akasema, "Kaka. Tunaingia baharini Jumatatu. Wanawake wote." Akaongeza: "Ili meli ikifika Jumanne friza iwe na cha kuweka." Akasema asante, akakata.

Wameniamini. Kwa neno langu. Hakuna mwanamke wa kijiji kile aliyewahi kuamini neno langu, ndiyo mara ya kwanza.


Jumamosi, 13 Oktoba

Inoke alikuwa bwawani. Nikajaribu kusema kawaida, bila matusi. Nikaanza: "Inoke, kule kwetu samaki—" Akainua kidole, simu inaita, akazungumza na mtu wa Lautoka kuhusu makontena. Nikasubiri. Akamaliza, akasema, "Ulikuwa unasema?"

Na mdomo wangu ukakataa. Kuomba! Mimi, Sakeasi wa Naivuloa, nimwombe mwana wa kaa. Babu zangu wangeinuka makaburini wanichape. Mtani haombi. Mtani akiomba amekiri kwamba yeye ni mgeni, na kitu ni cha mwenyewe, na mwenyewe anaweza kukataa. Au kukubali, ambayo ni mbaya zaidi.

Nikasema, "Nilikuwa nasema maji yako yananuka dawa."

Akasema ni klorini.


Jumapili, 14 Oktoba

Kanisani kwao kuna skrini na viti vya sponji. Hakuna aliyesinzia kwa hiyo sijui kama walisali.

Nilimwomba Mungu mambo mawili. La kwanza mashua za wanawake zirudi salama. La pili siandiki, ni la matusi.

Nimempigia dereva mmoja wa kubeba mizigo, Shalen, namba yake kanipa Epeli. Kesho asubuhi. Meli inaondoka jioni. Nitachukua kama inavyochukuliwa. Mchana kweupe, kwa sauti, mwenyewe akiwepo. Mtu akikukuta na mzigo kichwani hawezi tena kukuuliza familia hawajambo. Lazima atukane. Au aite polisi, na polisi nao ni watu wa visiwani, watacheka.


Jumatatu, 15 Oktoba

Naandika haraka. Nimekaa juu ya friza. Friza iko juu ya pikapu ya Shalen. Pikapu iko ndani ya geti. Geti limefungwa.

Ilikwenda vizuri mwanzoni. Inoke alikuwa ametoka kwenda kukimbia. Nyama ya mbwa niliihamishia kwenye friza ya samaki, vimfuko vyote kwa siku zake, sikumwibia mbwa hata Jumanne yake. Epeli alishika upande mmoja, mimi na Shalen upande mwingine. (Kwa kweli sehemu kubwa niliibeba mimi peke yangu.) Mbwa walikaa wakatutazama. Hawakubweka, matumbo dhaifu.

Tulipomaliza kuifunga kamba nikapanda juu, nikasimama, nikaita kwa nguvu zote: "Inoke Daulako! Mwana wa kaa, mjukuu wa kaa! Nimechukua friza ya mbwa wako, wewe kachimbe shimo uhifadhi nyama yako kama babu yako!"

Na kweli alikuwa ndiyo anaingia getini, jasho limemlowesha. Akasimama. Akaangalia friza, akaniangalia mimi, akamwangalia Epeli aliyekuwa anasoma kiatu chake. Nikaiona pembe ya mdomo wake inaruka. Naapa niliiona. Nusu ya uso ule ilikuwa Drakiti kabisa, ilikuwa kijana mwenye injini begani.

Kelera akatoka.

"Mjomba," akasema, "jamani, ungeomba tu. Tungekupa."

Nikamwambia, "Mama, siombi. Nachukua."

"Lakini tunakupa."

"Hamnipi. Nachukua."

Shalen akatoa kichwa dirishani. "Wazee, akupe au uchukue, mzigo ni ule ule na bandarini kuna foleni."

Kelera akafurahi ghafla. Ana kikundi chake, cha kina mama wa mjini, wanapeleka vitu visiwani, madaftari, miwani ya wazee. Friza kwa kina mama wavuvi! Akasema ndicho walichokuwa wanakitafuta. Tupige picha. Akakimbia ndani akarudi na utepe mwekundu, akaufunga kwenye friza yangu huku nimekaa juu yake. Upinde mkubwa, uko kati ya magoti yangu.

Inoke akanikaribia. Akazungumza kwa sauti ya chini, kwa lafudhi ya kwao, mara ya kwanza tangu nifike. "Sakeasi. Nikikutukana leo, wiki ijayo kisiwa kizima kiko hapa getini."

"Basi waje uwatukane."

"Zawadi unaitoa inaisha," akasema. "Utani hauishi."

Nikamwambia, "Ndiyo maana."

Nikasema tena, na hapa sikupiga kelele: "Injini yangu ulipewa zawadi? Nilikufungia utepe? Sema neno moja. Huyu mama hatasikia. Niite jina langu, nami nateremka hapa na mali yangu, tumemalizana, yaani hatujamalizana."

Akajipangusa jasho. Akaangalia saa. Akasema anakwenda kubadilisha shati kwa ajili ya picha.

Ndiyo nimekaa hapa.

Nikishuka nikaiacha, kesho meli inafika kule na wanawake wamesimama ufukweni na mabeseni. Mereseini hatasema kitu. Atageuka tu akatafute nguruwe. Nikikaa nikapigwa picha, picha itafika Naivuloa kabla yangu, simu zote zitakuwa nayo, mimi na upinde magotini na maandishi chini kwamba tumesaidiwa. Samaki watapona. Na Inoke siku akija kwetu tutamwandalia mkeka wa heshima, tutampigia makofi, tutamwita bwana. Hakuna tena atakayemwambia mwana wa kaa. Watoto watauliza watani ni nini.

Shalen anasema foleni. Amewasha gari. Chini yangu friza inatetemeka.

Nimemwambia Epeli anifungulie geti. Anasema funguo anayo, ruhusa hana. Nimemwita mwana wa kaa. Ameangalia dirisha la juu kwanza, kisha kanijibu kwa midomo tu, bila sauti.

Kelera amenyanyua simu yake. Anasema nisogee kulia kidogo, nimeziba upinde.

Mlango umefunguka. Anakuja. Shati jeupe, nywele amezilowesha. Anakuja polepole upande wangu, si upande wa Kelera. Mdomo wake unachezacheza kama mtu anayetafuta neno alilolisahau. Kelera anamwambia, tabasamu, baba. Labda ni hilo tu analotafuta, tabasamu. Amefika kwenye tairi. Ameweka mkono juu ya upinde.